Barua kwa mwanangu aliye Pune: jiko la Kaku, mtungi wa achari na siku zako

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote wazima. Barua yako nimeisoma. Unasema mwenye nyumba wako huko India, yule mama wa Kihindu mnayemwita Kaku, amekuomba kwa upole kwamba ukiwa mwezini usiingie jikoni, usiguse mtungi wa achari, na kwa kuwa sikukuu ya Ganpati, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, inakaribia, umjulishe tarehe zako. Unauliza kama ni dini au ni dharau kwa kuwa wewe ni Mwafrika, mambo hayo yametoka wapi, na kama ikupase kuyafuata.

Dharau ya rangi ondoa moyoni. Wasichana wa nyumba kama hiyo huambiwa maneno hayohayo tangu siku wanayovunja ungo, na wakiolewa huambiwa tena na mama mkwe. Angekuwa na kinyongo na rangi yako, chumba usingepata.

Jambo la kwanza kulielewa ni hali wanayoiita ashaucha, yaani mtu kutokuwa safi kwa ajili ya ibada. Haihusiani na sabuni, wala si dhambi. Wanaume nao huingia humo. Akifa mtu wa ukoo, nyumba nzima, wake kwa waume, haigusi sanamu wala haiendi hekaluni kwa siku kumi hadi kumi na tatu hivi, kutegemea desturi ya ukoo. Mtoto akizaliwa ni vivyo hivyo, ingawa ni furaha. Wewe uliyekulia kwenye josho na twahara hupati tabu hapo: mwenye janaba si mtu mwovu, ila hasimami kwenye mswala. Tofauti inakuja mbele kidogo. Kwetu mwenye hedhi haswali wala hafungi, lakini pilau ya nyumba nzima anapika na hakuna anayeuliza. Kwao hali hii inahama kwa kugusa. Inapita kwenye maji, kwenye nguo, kwenye chakula kilichopikwa, na zaidi ya vyote kwenye kitu kilichotengwa kwa ajili ya miungu.

Sasa tazama jiko la Kaku. Kile kikabati chenye sanamu na taa ndogo, wanachokiita devhara, bila shaka kiko humo jikoni au ukutani kando yake. Na chakula cha kwanza kutoka sufuriani, kabla ya binadamu yeyote kuonja, huwekwa mbele ya sanamu. Kwa hiyo anapokuzuia jikoni, mlango anaoulinda hasa ni wa ibada. Ndiyo maana katika fleti za mjini, ambamo mke na mume wanaishi peke yao na hakuna mwingine wa kupika, katazo la jiko limelegea sana, bali la devhara limebaki palepale.

Asili yake ni ya zamani mno. Katika Taittiriya Samhita, sehemu ya Yajurveda, mojawapo ya vitabu vyao vitakatifu vya kale, kuna kisa cha mungu Indra aliyemuua Vishvarupa mwenye vichwa vitatu. Aliyeuawa alikuwa kuhani wa Kibrahmani, yaani wa tabaka la makuhani, na hatia ya damu ya Brahmani haina mfano. Indra akatafuta wa kumpunguzia mzigo. Ardhi ikachukua fungu moja, ikapewa zawadi kwamba ikichimbwa itajifukia. Miti ikachukua fungu la pili, ikapewa kuchipua tena ikikatwa. Wanawake wakachukua la tatu, wakapewa uzazi, na fungu lao la hatia likawa hedhi. Bhagavata Purana iliyokuja baadaye inaongeza maji, yaliyopewa fungu lao kama povu. Mimi huwa nashangaa wanaokitumia kisa hiki kumdhalilisha mwanamke, maana ukikisoma chenyewe, mwenye kosa ni mungu wa kiume na mwanamke ndiye aliyemsaidia kubeba.

Baada ya kisa zinafuata amri za siku tatu: asioge, asichane nywele, asijipake mafuta wala wanja, asikate kucha, asisokote uzi, asikaliwe karibu, chakula chake kisiliwe. Kila katazo limefungiwa adhabu inayomwangukia mtoto atakayezaliwa. Sheria za Manu, kitabu chao kingine cha kale, nazo zinasema aliyemgusa aoge, na kwamba mwanamke anatakasika kwa kuoga damu ikishakatika.

Hesabu ya siku ndiyo inayowachanganya wengi, hivyo isome taratibu. Siku damu inapotoka ndiyo ya kwanza. Zinapita tatu. Siku ya nne anaoga josho kamili pamoja na kuosha nywele, anabadili matandiko, anarudi jikoni na kwa mumewe. Miungu na ibada za mababu husubiri siku ya tano. Kama damu bado inatoka, nyumba nyingi humruhusu jikoni baada ya lile josho la siku ya nne lakini devhara anaiacha mpaka ikatike. Wako wanaohesabu nne, wako wanaohesabu saba, na wako wasiohesabu kabisa. Walingayati wa Karnataka, wafuasi wa Basava wa karne ya 12, waliikataa najisi hiyo pamoja na ya kuzaliwa, ya kifo na ya tabaka. Katika hekalu la Melmaruvathur kule Tamil Nadu, mwanamke huingia akiwa mwezini. Na kwa upande mwingine Shikshapatri, kijitabu cha sheria cha mwaka 1826 kinachofuatwa na Waswaminarayan, madhehebu ya Kihindu yenye mahekalu hata Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, kinamtaka mwanamke asiguse mtu wala nguo kwa siku tatu. Mtu akikwambia “Wahindu husema”, muulize wa wapi na wa ukoo gani.

Na damu hiyohiyo inayokufungia mlango wa jiko, mahali pengine huandamiwa na maelfu ya watu. Juu ya kilima cha Nilachal, katika mji wa Guwahati kaskazini mashariki mwa India, liko hekalu la Kamakhya. Ndani hamna sanamu. Kuna jiwe lenye umbo la uke, na chemchemi inalilowesha muda wote. Kila mwaka, kuanzia tarehe 22 Juni hivi, mungu huyo wa kike husemwa yuko mwezini. Hekalu linafungwa siku tatu, mashamba ya jirani hayalimwi, na siku ya nne milango inafunguliwa na waumini wanagawiwa vipande vya kitambaa chekundu wavihifadhi kama baraka.

Katika jimbo la Odisha, katikati ya Juni hiyohiyo, ni sikukuu ya Raja, na mimi naipenda kuliko zote. Hapo dunia yenyewe ndiyo iliyo mwezini. Siku tatu jembe halipigwi na ardhi haichimbwi. Wasichana wanafungiwa bembea mitini, wanavaa nguo mpya, hawapiki wala hawasagi, wanakula poda pitha, yaani mkate wa mchele uliochachushwa, wenye nazi na sukari guru, uliookwa polepole mpaka juu ukaungua kidogo. Siku ya nne jiwe la kusagia linatolewa, linapakwa manjano na kuogeshwa kama mtu, kwa sababu ndilo linalosimama badala ya ardhi. Angalia hesabu: tatu za kukaa, ya nne josho. Ni kanuni ya Kaku, ila humo imekuwa sherehe.

Huko kusini mwa India msichana akivunja ungo huogeshwa maji ya manjano na kuvishwa sari mbele ya ukoo mzima. Wanewari wa Nepal humweka ndani ya chumba chenye giza siku kumi na mbili, kisha humtoa na kumwoza jua. Bibi zako waliowekwa ndani wakiwa wali wasingeona ajabu.

Lakini usije ukadanganywa na sherehe. Utasikia watu wakisema desturi hii ilikuwa “mapumziko ya mwanamke tu”, au kwamba ni sayansi. Ni kweli kwamba katika nyumba ya watu ishirini, siku tatu bila kinu wala sufuria ni nafuu. Ila wengi hawakupumzishwa. Walizuiwa jikoni wakapelekwa shambani na kwenye kuni, maana shamba halina devhara. Wakalala chini kwenye mkeka wa peke yao, na vitambaa vyao vikaanikwa mafichoni, kwenye unyevu bila jua, na hapo ndipo vipele na maambukizi yanapoanzia. Magharibi mwa Nepal ilifika mbali zaidi: chhaupadi, mwanamke kulala nje katika kibanda kidogo cha udongo au zizini. Wamekufa humo kwa kuumwa na nyoka na kwa moshi wa moto waliouwasha kujikinga na baridi huku mlango umefungwa. Mahakama ya Juu ya Nepal iliipiga marufuku mwaka 2005, na sheria inayotumika tangu Agosti 2018 inampa anayemlazimisha mwanamke kifungo cha miezi mitatu, au faini ya rupia 3,000, au vyote viwili. Vibanda bado vipo.

Kuhusu Sabarimala uliyoisikia darasani: hilo ni hekalu la Ayyappan huko Kerala, na katazo lake halikuwa la siku za hedhi bali la umri, wanawake wote wa miaka 10 hadi 50, kwa hoja kwamba mungu huyo ni mseja wa kudumu. Mahakama Kuu ya Kerala ililithibitisha mwaka 1991. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India ikalifuta kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, na huyo mmoja aliyepinga ndiye alikuwa mwanamke pekee katika jopo. Januari 2019 wanawake wawili walipoingia, hekalu lilifungwa kwa muda likatakaswa. Kesi imepelekwa kwa jopo kubwa zaidi.

Basi ufanye nini. Devhara na hekalu ni vyao, waachie. Hapo huna cha kujadili, kama ambavyo mgeni wetu hapandi mswalani na viatu. Jiko ni la kuzungumza, kwa sababu unalipia nyumba na unahitaji kula. Mwombe Kaku meza ndogo chumbani na birika la umeme, au akupakulie kwa siku tatu. Wenye nyumba wengi hukubali moja kati ya hayo. Akikwambia usioge siku tatu, au ulale sakafuni, hapo kataa kwa adabu bila kueleza sana. Oga kila siku. Na asikuombe mtu yeyote uthibitisho wa mwili: Februari 2020, katika bweni moja la chuo huko Bhuj, Gujarat, wasichana 68 walivuliwa nguo kukaguliwa kama wako mwezini, na polisi waliingia. Hilo halina utetezi wa dini.

Mtungi wa achari usiuguse, na siyo kwa sababu hedhi huuharibu. Achari ya maembe huota ukungu pale vipande vinapochomoza juu ya mafuta, au mtu anapochovya kijiko chenye maji, au chumvi ilipopunjwa. Sasa ukiugusa leo na kesho kutwa ukaota ukungu, lawama utaibeba wewe mpaka utakapohama.

Ganpati huangukia Agosti au Septemba kwa kalenda ya mwezi. Sanamu ya udongo inaletwa nyumbani na kukaa siku moja na nusu, tano, saba au kumi. Ndiyo maana Kaku anataka tarehe: modak, vile vidonge vya unga wa mchele vyenye nazi na sukari guru vinavyopikwa kwa mvuke, hutengenezwa na mikono iliyooga na havionjwi kabla ya sanamu kupewa. Anapanga nani akande na nani akune nazi. Kama tarehe zinagongana, mwambie mapema, na siku hiyo kaa sebuleni na wageni. Chakula kilichokwisha kutolewa utaletewa.

Kesho ya siku sanamu inapoletwa ni Rishi Panchami. Utaona wanawake wazima, wengi waliokwisha koma hedhi, wamefunga. Wanawaomba wahenga saba wa kale, wanaoitwa rishi, msamaha kwa walichokigusa bila kujua walipokuwa mwezini. Kisa chake kinasimulia mke aliyezaliwa tena mbwa na mumewe ng’ombe dume kwa sababu alishika vyombo siku hizo. Huogea na kupigia mswaki vijiti vya mmea wa aghada, na hawali kitu kilicholimwa kwa jembe la ng’ombe. Hivyo hupikwa mboga moja ya majani ya magimbi, mchicha, boga na mahindi mabichi. Ukipewa bakuli, kula. Ni tamu, na kisa chake hakitakulazimu uamini.

Wenzako watakutajia vidonge vya kuahirisha hedhi. Ni norethisteroni, miligramu 5 mara tatu kwa siku, kuanzia siku tatu kabla ya tarehe, na hedhi hurudi siku mbili tatu baada ya kuacha. Ndivyo hivyohivyo baadhi ya kina mama wetu huvitumia wakienda Hija. Havimfai aliyewahi kuganda damu wala mwenye ugonjwa wa ini, havizuii mimba, na vinataka daktari kwanza. Kwa ajili ya jiko la mtu mwingine, sikushauri.

Pedi usitupe chooni. Pune ina waokota taka wanaochambua kila kitu kwa mikono, na ushirika wao, SWaCH, umeomba wenye nyumba waikunje pedi kwenye gazeti na kuweka doa jekundu kwa kalamu juu yake, ili asiifungue mtu. Fanya hivyo, hata kama Kaku hajakwambia.

Mama yako