Baleki munaoanza kuchimba chini ya nyumba ya zamani Lubumbashi, musome hii mbele

Nyinyi banafunzi ba arkeolojia, kazi ya kutafuta mu udongo vitu vya batu ba zamani, najua kichwa yenu iko paka kwa misalaba ya shaba ya bazamani, ile ya kwa drapo ya Katanga, munazani kesho tu mutaitoa chini ya sakafu ya simenti. Poleni kidogo. Muji wetu ulianza 1910, na kitu ya kwanza mutakutana nayo chini ya sakafu ni ramble, ule udongo mafundi balisukuma hapo juu ya kusawazisha kiwanja. Siku za kwanza kazi yenu njo hiyo, kujua ramble inaishia wapi.

Angalia kando ya fondasio. Fundi alichimba mufereji, akapanga mawe ao matofali, kisha akarudisha udongo, na ule mufereji unaonekanaka kwa ukuta wa shimo yako, mustari unashuka wima, ndani udongo ni laini na umechanganyika na chokaa, misumari, vipande vya tofali. Hauone kitu? Pulizia maji kidogo, ngoja, rangi zitatoka. Unaweza kupata mule kigae ya nyungu ya zamani sana, lakini haifanye mufereji kuwa wa zamani, juu fundi aliitoa chini akairudisha na udongo. Na ukifika mwisho wa fondasio simama, usiingie chini yake hata kama kitu inang'aa, zaidi mu wakati wa mvua.

Tena kuna muchwa. Vitabu mingi tunasomea viliandikwa Ulaya, kule hakuna vichuguu sawa vya kwetu, virefu kupita nyumba, mafundi bamevibomoa bakafanya na udongo wake matofali. Muchwa inapandisha udongo laini, mawe na vigae vinazama polepole mpaka vinajipanga mustari moja muzuri. Munafunzi mupya anaona, anaandika kwa kaye "sakafu ya zamani". Apana! Kwanza uliza kama udongo umekanyagwa, kama kuna majivu, kama ule mustari unakatika fasi.

Makala pia inadanganyaka. Inaweza kuwa ya moto wa miaka mingi, inaweza kuwa ya mbabula ya mafundi balikuwa banapika bukari yao. Ukiona inatoka tabaka safi, ikamate na ncha ya mwiko, si na vidole, funga mu papiye aluminiamu, andika tabaka na urefu toka juu palepale. Lakini musitegemee kaboni 14, ile ya kupima mu labo makala iko na miaka ngapi, kwa kila kitu, toka miaka ya 1650 mpaka 1950 majibu yake inapanuka sana, kwa nyumba ya Babeleji chupa yenye jina la kiwanda itakusaidia kuliko labo.

Sashe ya vitu bila etiketi ya kusema vilitoka fasi gani ni sawa na kuvitupa tu. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, fasi balichimba makaburi 1957, ukubwa wa misalaba na namna ilikuwa imepangwa kwa mwili wa marehemu njo vilisaidia batafiti kusema ile midogo ilikuwa inatumika kama franka. Kama mutu angeivuta tu na kuijaza mu mufuko, leo tungekuwa na vipande vya shaba basi. Na ukikuta mifupa ya mutu, funika, ita shefu, hakuna foto ya kutuma kwa WhatsApp.

Jambo la mwisho, na bakubwa bengi balisahau kutuambia: majirani. Katanga mutu akichimba ndani ya nyumba kila mutu anawaza madini ya kobalti, kule Kasulo, Kolwezi, toka 2014 batu balichimba mpaka ndani ya parsele zao. Kwa hiyo mbele ya koleo ya kwanza pita kwa shefu wa karitie na makaratasi yenye sinyatire, ita wamama wa jirani baangalie shimo mchana, baone vigae na misumari na macho yao, na magaribi funika na mbao, weka mulinzi. Ukifichaficha, usiku batu batakuja kumalizia kuchimba.