Maswali ya Wasomaji: Umeombwa Kuwa Mpambe wa Bibi Harusi

*Rafiki yangu anafunga ndoa kanisani Dar es Salaam mwezi Desemba na ameniomba niwe mmoja wa wapambe wake. Matroni ni dada yake aliyeolewa. Kazi yangu inaanzia wapi, na ya matroni inaishia wapi? — Msomaji, Morogoro*

Matroni ndiye msimamizi. Hukaa na bibi harusi mbele ya madhabahu, humshauri, na mara nyingi ndiye anayetia saini ya ushahidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, na kati yao asiwepo aliye chini ya miaka 18. Parokia nyingi huongeza masharti yao, kama vile msimamizi awe na ndoa ya kanisani. Mkumbushe bibi harusi aulize ofisi ya parokia mapema, maana kubadilisha msimamizi wiki ya mwisho ni fedheha kwa familia nzima.

Wewe na wenzako mnabeba yaliyobaki: mavazi, vitu na watu. Kosa kubwa ni wapambe sita kusimamia kila kitu kwa pamoja. Gaweni kazi, mtu mmoja jambo moja. Mmoja mkia wa shela, mmoja mkoba, mmoja maua (bibi harusi hawezi kuvishwa pete akiwa ameyashika), mmoja simu. Huyu wa simu ana kazi nzito kuliko inavyodhaniwa. Kuanzia asubuhi, anayeuliza ukumbi uko wapi au keki imefika ajibiwe na mpambe, simu isimfikie bibi harusi. Hakikisha una namba za dereva, mpiga picha, MC na mwenyekiti wa kamati.

Uliza pia kama mnahitajika kwenye sendofu. Hiyo ni sherehe nyingine yenye sare nyingine, na ni gharama nyingine.

*Tuko wapambe sita katika mikoa mitatu. Kila mmoja anunue kitambaa na kushona kwa fundi wake? — Msomaji, Dodoma*

Mafundi wanaweza kuwa sita, lakini kitambaa kinunuliwe mahali pamoja, siku moja, kutoka jora moja. Rangi inayoitwa jina moja hutofautiana kati ya jora na jora, na tofauti ambayo dukani huioni hujitokeza vizuri sana kwenye picha za juani. Gauni refu la satini yenye upana wa mita 1.5 huhitaji mita 3 hivi kwa mtu wa wastani. Mrefu au mnene ongezeni nusu mita. Shifoni inataka bitana, nayo mnunue pamoja, kwa sababu bitana nyeupe na ya krimu hubadilisha rangi ya juu.

Mafundi wote wapewe picha moja na urefu mmoja wa pindo kutoka ardhini, na kila mpambe apimwe akiwa amevaa viatu vya siku hiyo. Ukipimwa na ndala halafu ukavaa kisigino, gauni litaning'inia juu ya vifundo. Gauni litoke kwa fundi wiki mbili kabla ya harusi. Mjamzito amwambie fundi aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, na ajaribu tena siku tatu kabla.

*Misa ni saa 8 mchana. Harusi mbili nilizohudhuria, bibi harusi alichelewa zaidi ya saa nzima. Tufanyeje? — Msomaji, Mbezi*

Hesabuni kutoka kanisani mkirudi nyuma. Kufika saa 7:30. Njiani, Jumamosi ya Dar, wekeni saa nzima: kuondoka 6:30. Picha nusu saa: 6:00. Kuvaa shela nusu saa: 5:30. Nywele na mekapu ya bibi harusi saa mbili: akae kitini saa 3:30 asubuhi. Tuseme kuna matroni na wapambe watano: ni watu sita. Kila mmoja dakika 45, wapambaji wawili, inakuwa saa mbili na robo. Kwa hiyo, mkiacha robo saa ya akiba, wa kwanza anakaa saa 1:00 asubuhi, na kusuka kuwe kumekamilika jana yake.

Hapa ndipo ratiba nyingi huvunjika: mpambe mmoja anachelewa, naye anahudumiwa kwanza "kwa kuwa ni haraka tu". Ikifika 3:30, mpambaji wa bibi harusi anamwacha yeyote aliye mbele yake. Aliyebaki asubiri mpambaji wa pili.

Bibi harusi ale kabla ya kupakwa rangi ya mdomo, chakula halisi, si biskuti. Wengi wanaolegea madhabahuni walikuwa na njaa na kiu ndani ya gauni lililobana. Baada ya hapo anywe maji kwa mrija.

Kisha aende chooni, *ndipo* mmfunge shela. Kama ni la kamba mgongoni, anzia juu ukishuka, ukivuta kila tundu kidogo kidogo. Ukifika kiunoni mwenzako ashikilie kwa kidole, wewe rudi juu ukaondoe ulegevu. Vidole viwili vipite kati ya gauni na mwili. Vikigoma, legeza, hatapumua vizuri misa nzima. Baada ya nusu saa kitambaa huwa kimelainika kwa joto la mwili, kaza tena kabla hajashuka kwenye gari. Kama ni la zipu, shika pande mbili chini ya zipu ndipo upandishe. Ikikwama pitisha kipande cha sabuni kavu au mshumaa kwenye meno yake, usivute kwa nguvu.

Jinsi ya kukunja na kufunga mkia kwa ajili ya kucheza mjifunze dukani siku ya kujaribisha, na mmoja wenu arekodi video. Shela la kukodi mlipige picha siku ya kulichukua: pindo, zipu, shanga. Doa la zamani msilolipiga picha mtalilipia ninyi.

Mkobani: pini 10 za kufungia, sindano na uzi mweupe na wa rangi ya sare, plasta, pedi, dawa ya maumivu, leso, ndala, kanga mbili, poda nyeupe. Doa la mekapu kwenye shela usilisugue, linaenea. Ligusaguse kwa kitambaa kikavu, kisha poda.

*Ndugu yangu anaolewa Mombasa. Mimi ndiye ninayemsimamia kwa singo (kusuguliwa mwili) na hina, naye anataka piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Nina wasiwasi. — Msomaji, Tanga*

Wasiwasi wako ni wa haki. Hina safi huanza na rangi ya chungwa na hukolea kuwa kahawia iliyoiva baada ya siku moja hadi mbili. Kinachotoa weusi ndani ya saa moja kimetiwa rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Huwasha, huleta malengelenge, wakati mwingine huacha kovu lenye umbo la ua lenyewe. Madhara huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, na aliyedhurika mara moja anaweza kudhurika tena kwa rangi ya nywele yenye PPD.

Mpakeni hina siku mbili kabla ya kutolewa nje, yaani kuonyeshwa kwa wageni. Ikae kwa muda wa saa 4 hadi 6, ikwanguliwe bila maji, na asiguse maji mpaka kesho yake. Kwa hiyo singo itangulie, kwa kuwa kusugua mwili baada ya hina huipausha.

*Ukumbini watu wanapomtunza bibi harusi fedha, nani azishike? — Msomaji, Arusha*

Wapambe wawili, si mmoja. Mmoja aokote, mwingine ashike kikapu chenye kifuniko, na wasitengane. Bahasha ziwekwe kando, zisichanganywe na noti za kutunzwa, na zisifunguliwe ukumbini, kwani jina lililoandikwa juu ndilo litakalotumika kushukuru. Kabla ya sherehe familia itaje mtu mmoja wa kupokea. Mhesabu mbele yake usiku huohuo, mwandike jumla kwenye daftari, nyote watatu mtie saini.