Kabla Hujalipia Kozi, Uliza Nani Ataangalia Mikono Yako

Kwenye droo ya meza yangu pana vyeti 11. Vitano vinataja kiharusi au mishipa ya fahamu, vyote vina muhuri, na kimoja kina picha ya ubongo uliopakwa rangi kama leso ya harusi. Ukiniuliza ni vipi vilivyonifunza kumshika mtu aliyepooza upande, nitakutolea viwili tu. Vilivyobaki vilinipa pointi za leseni na sahani ya pilau.

Mimi ni fizio, mtu wa tiba ya viungo, hapa Lamu, mwaka wa 14 sasa. Vijana wanaomaliza diploma hunipigia simu: "Dada, nifanye kozi gani ya neva?" Wanataka jina la njia ya kumtibu aliyepooza. Bobath? PNF? Ile ya glovu? Nami huwarudishia swali: hiyo kozi unayoitaka, kutakuwa na mgonjwa wa kweli kitandani, na kutakuwa na mtu wa kuiangalia mikono yako ukimshika? Wengi hunyamaza, kwa sababu tangazo la kozi halisemi.

Swali hilo sikuzaliwa nalo. Semina yangu ya kwanza ya kiharusi ilikuwa ya siku 2, katika ukumbi wa hoteli Mombasa. Tuliangalia picha ukutani asubuhi hadi jioni. Mmoja wa wawezeshaji alituonyesha picha ya kapi iliyofungwa juu ya mlango, kamba imepita ndani yake, mgonjwa anauvuta mkono uliopooza kwa ule mzima. Rahisi, haina gharama. Nikarudi Lamu, nikanunua kamba.

Mgonjwa wangu alikuwa nahodha mstaafu wa jahazi, upande wa kulia umelala. Alipoiona ile kapi alicheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. "Mwanangu, utanifundisha kuvuta kapi weye? Mimi nimevuta henza kabla mamako hajaolewa." Akavuta kweli. Mara 50 asubuhi, mara 50 jioni, kwa bidii ya baharia. Wiki ya tatu bega likawa halimpi usingizi, akawa hataki hata kuguswa mkono akivalishwa kanzu.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Misuli ya bega ikilegea, mfupa wa mkono huning'inia nje kidogo ya kikombe chake. Mtu mzima akiinua mkono, ule mfupa bapa wa mgongoni unaobeba bega huzunguka pamoja nao. Kwa aliyepooza hauzunguki vizuri. Ukiuvuta mkono juu kwa kamba unabana nyama laini zilizo katikati, na hakuna anayehisi kwa kiganja chake kwamba bega limekwama. Kamba haina vidole. Baadaye nikakuta kwamba tangu 1990 kulikuwa na utafiti uliolinganisha njia za kuuchezesha mkono wa namna hiyo, na kapi ya kufungwa juu ya kichwa ndiyo iliyoacha wagonjwa wengi zaidi na maumivu. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyefunga ile kamba. Lakini katika siku zile 2 za semina hakuna aliyeweka hata kidole juu ya bega la mtu.

Kozi iliyonigeuza ilikuwa ya wiki 3, Nairobi, ya msingi wa Bobath. Kila asubuhi waliletwa wagonjwa, nasi tuliwatibu wawili wawili, mwalimu akizunguka. Siku ya pili nilikuwa namwinua baba mmoja kutoka kitini. Nimempitisha mkono kwapani, navuta. Mwalimu akaja nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu, akaitoa kwapani na kuiteremsha nyongani. "Unambeba," akasema. "Yeye bado hajaanza." Akaniambia nisubiri. Nikasubiri mpaka nikaona haya, pale mbele ya wenzangu. Kisha yule baba akaurudisha mguu wake nyuma mwenyewe, sentimita chache, akainama mbele, makalio yakaondoka kitini. Mimi nilifanya kazi ndogo mno. Katika miaka yangu yote ya kazi nilikuwa sijawahi kumpa mgonjwa nafasi ya kuanza.

Sasa usije ukasema nimekutuma kwa Bobath. Berta Bobath na mumewe Karel walianzisha njia yao London, na kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha 1943, Berta alipomtibu mchoraji wa picha za watu aliyepooza upande. Miaka hiyohiyo ya 1940, huko Marekani, daktari Herman Kabat na Margaret Knott wakaanza kujenga PNF. Miaka ya 1980 Janet Carr na Roberta Shepherd wa Australia wakaja na hoja ya moja kwa moja: mgonjwa afanye kitendo chenyewe anachotaka kukiweza, akirudie sana. Tafiti zilizozilinganisha njia hizi hazikuipa Bobath ushindi, na miongozo mingi ya kiharusi leo inaegemea upande wa kurudia kitendo chenyewe. Mimi si mfuasi wa dhehebu lolote katika haya. Nililipia wiki 3 za macho ya mtu anayejua, na macho hayo yangeweza kuwa ya kozi ya jina jingine. Kuna wenzangu waliotoka pale wakawa wanasema "kanuni haikubali" kila mgonjwa akitaka kutembea kabla hatua yake haijawa nzuri. Hao walichukua jina wakaacha mikono.

Jambo moja dogo ambalo hakuna atakayekuambia, hasa dada zangu wa pwani: kozi za namna hii washiriki hufanyiana mazoezi wao kwa wao, na huambiwa waje na kaptula na fulana, wanaume na wanawake chumba kimoja, ili misuli ionekane. Andika barua mapema. Mimi niliomba kuoanishwa na wanawake siku zote na kuvaa suruali ya kubana chini ya dera, wakakubali bila neno. Mwenzangu hakuuliza, akafika, siku ya kwanza akakaa ukutani anatazama. Wiki 3 za kutazama ni semina ya hoteli iliyorefushwa.

Nikarudi nyumbani, na hapo ndipo mafunzo yenyewe yalipoanza kunishinda. Yule nahodha bega lilitulia baada ya miezi, akawa anatembea na bakora. Nikampima kwa kipimo cha Berg, cha kuona mtu anavyojisawazisha asianguke. Kina vitendo 14, kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 56. Akapata 51. Nikawaita familia kuwapa habari njema. Mkewe akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu. Lakini hajasujudu."

Alikuwa anaswali kitini, na dini inamruhusu. Lakini yeye alitaka paji la uso lifike chini. Nikakipitia kipimo upya: kuna kuokota kitu sakafuni, kuna kugeuka, kuna kusimama mguu mmoja. Kushuka mpaka sakafuni na kuinuka tena hakumo. Kipimo kimetengenezwa kwa watu wanaoishi juu ya viti. Huku kwetu chakula kipo kwenye mkeka, matanga yapo kwenye mkeka, swala ipo kwenye mkeka. Basi tukaligawa lile jambo vipande. Goti gani litangulie, mkono gani ushike kigoda, kisha kigoda kifupi zaidi, kisha bila kigoda. Mara 20 kwa siku, nyumbani kwake, mkewe akihesabu kwa tasbihi. Ilichukua wiki 7.

Halafu ngazi za daka lake, ile baraza ya mlangoni, zilikuwa 3, zimelika katikati kama sahani, na chini yake njia ya mji wa kale ambamo watu wawili hupishana kwa kupeana bega. "Sitembei kwenye vyuma vyako," aliwahi kuniambia akiwa kati ya vyuma vya mazoezi, "natembea ndiani." Punda aliyebeba mawe hapigi hodi. Mtu anahitaji kujua kupiga hatua ya ubavu mpaka ukutani, haraka, bila kujikwaa kwenye mfereji. Hilo nalo halimo kwenye kipimo chochote nilichofunzwa, nami sasa nalifundisha kabla sijamruhusu mtu kutoka peke yake.

Ile ya glovu nayo ina kisa chake. Asili yake ni kazi ya Edward Taub wa Marekani: unauzuia mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti mkubwa uitwao EXCITE, uliotoka 2006, ulikuwa na watu 222, miezi 3 hadi 9 baada ya kiharusi, wakivaa glovu asilimia 90 ya muda wa kuwa macho kwa wiki 2, na mazoezi makali juu yake. Haiwafai wote. Mkono dhaifu lazima uwe na uhai kiasi, kifundo na vidole viweze kunyanyuka walau nyuzi 10 hivi. Nilijifunza haya, nikamtafuta anayefaa, nikampata fundi wa kuchonga milango. Mkono wake wa kushoto ndio uliopata hitilafu, ule unaoshika patasi wakati wa kulia unapiga.

Nikamvisha glovu kulia. Akaitazama, akanitazama. "Nitakula na shoto?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeuliza swali hilo kwenye kozi, wala mimi sikulifikiria, mimi niliyelelewa kwa kofi kila nilipotia mkono wa kushoto kwenye sinia. Tukakaa chini tukapatana. Glovu itavuliwa wakati wa chakula, wakati wa udhu, na kila anapotoka nje, maana mtu aliyefungwa mkono mzima kwenye ngazi zetu hana cha kujishikia akiteleza. Chooni hakukuwa na mjadala, huko shoto ndiyo yenye kazi. Saa tulizozipoteza tukazirudishia karakanani: kushika patasi iliyozungushiwa kitambaa ili mpini unenepe, kuizungusha, kuiweka, kuishika tena, huku mwanawe ndiye anayepiga. Kama mkono dhaifu ungekuwa wa kulia, hesabu ingegeuka kabisa: chakula ndicho kingekuwa zoezi bora kuliko yote, na yeye mwenyewe angelitaka. Mkufunzi wa kigeni hawezi kukujulia haya. Unakwenda kwake kuchukua kanuni, kisha unakaa na mgonjwa wako kujua sinia lake limekaaje.

Usizidishe pupa pia. Utafiti wa AVERT, 2015, wagonjwa 2,104 katika nchi 5, ulionyesha kwamba kumwinua mtu ndani ya saa 24 za mwanzo, kwa wingi na kwa nguvu, kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Wanafunzi waliojazwa "mapema ndiyo bora" hushangaa nikiwaambia. Na kozi ya kujua kama mgonjwa anameza bila kupaliwa, hata ya siku moja, ifanye pamoja na wauguzi wa wodi yako. Wao ndio wapo saa tisa usiku jamaa anapomnywesha mgonjwa maji akiwa amelala chali.

Upande wa pesa sina tamu ya kukuambia. Basi la alfajiri kutoka Mokowe, malazi Nairobi, ada, na zamu zako mtu azishike. Tangu Sheria ya Fiziotherapia ya 2014 tuna baraza letu la leseni, na pointi zinahitajika, kwa hiyo semina za hoteli hutaziepuka zote. Nenda, kula pilau, saini karatasi. Lakini akiba yako ya kweli usiivunjie huko. Kabla hujatuma pesa uliza kwa barua: wagonjwa wangapi watakuwepo, mwalimu mmoja kwa washiriki wangapi, na je kuna ufuatiliaji baada ya kozi. Wakikujibu kwa kukutumia tena lile tangazo, umeshajibiwa.

Kati ya kozi moja na nyingine, simu yako inatosha. Sisi tupo wanne, wawili hapa, mmoja Mpeketoni, mmoja Malindi. Kila wiki mmoja hutuma video ya dakika 2 anavyomshika mgonjwa, kwa ruhusa yake, uso haumo. Wenzake humkosoa. Mwanzoni tulikuwa tunasifiana tu, "mashallah, kazi safi", tukaweka sharti kwamba sifa haziruhusiwi mpaka kosa litajwe kwanza.

Na usirudi kutoka kozi ukawabadilishia wagonjwa wote tiba Jumatatu asubuhi. Chagua mmoja. Mimi mwaka huu nimemchagua mama mmoja wa Matondoni, msuka mikeka. Mkono wa kulia umeanza kukamata ukili lakini unamponyoka kwenye kidole gumba kila anapotaka kukaza. Nimejaribu mambo mawili, hayajasaidia. Video nimeichukua Jumanne, nayo ndiyo nitakayokwenda nayo Nairobi mwezi wa Novemba.