Jiko la futi 6 kwa 7: anza na mwiko, kabati zije baadaye

Jiko letu hapa Tabata, Dar es Salaam, lina futi 6 kwa futi 7. Ukinyoosha mikono yote miwili unakaribia kugusa ukuta huku na huku. Nimelikarabati mara mbili ndani ya miaka minne, na pesa ya mara ya kwanza ilipotea karibu yote. Naandika haya kwa ajili yako wewe mwenye jiko kama langu, ambaye unataka kuita fundi mwezi huu na umeshajaza simu picha za kabati. Zile picha ziweke pembeni kwanza.

Mwaka 2019 niliweka kabati za MDF, zile mbao za kiwandani, juu na chini, ukuta hadi ukuta, rangi ya maziwa. Kaunta ikawa na kimo cha sentimita 90, kwa sababu fundi alisema ndicho kipimo chake cha siku zote. Lilipokamilika lilipendeza, majirani wakaja kuangalia. Kisha mama akaja kutoka Muheza.

Jioni ile ile akasema atapika yeye. Mimi nilikuwa sebuleni nakunja nguo. Nikasikia maji ya ugali yanachemka, kifuniko kikawekwa pembeni, halafu sauti ya sufuria ikiburuzwa sakafuni. Nilipoingia nilimkuta kwenye kigoda, sufuria iko chini juu ya kitambaa, ameibana kwa miguu, anasonga, jasho linamtiririka shingoni.

"Mama, mbona umeshusha chini?"

"Mwanangu, huko juu mkono haupati nguvu. Kaunta imenifika kiunoni, juu yake jiko, juu yake sufuria. Nisonge kwa vidole?"

Alipolala nikachukua futikamba. Kaunta 90, jiko la gesi la mezani 10, sufuria yetu ya watu sita 18. Ukingo wa sufuria ulikuwa sentimita 118 kutoka sakafuni. Asubuhi nikampima mama: kiwiko chake kiko kwenye 97. Yaani alikuwa anatakiwa kusonga ugali kwenye kitu kilicho juu ya kiwiko chake kwa zaidi ya sentimita 20. Hakuna binadamu anayesonga hivyo. Mimi mwenyewe bega lilikuwa linaniuma muda mrefu, nikidhani ni kwa sababu ya kulala vibaya.

Kile kipimo cha 90 si kosa. Kinamfaa mtu anayekatakata, anayekanda, anayepanga sahani. Kwa kazi hizo sehemu ya kufanyia kazi ikiwa chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15, mgongo hauumi. Ila kusonga ni kazi ya kusukuma kutokea juu kwenda chini, na bibi zetu walisonga kwenye mafiga wakiwa juu ya sufuria, si sambamba nayo. Ndiyo maana safari hii ya pili kaunta yangu ina vimo viwili. Upande wa sinki na kukatia ni 88. Upande wa jiko tumeshusha hadi 65, hivyo ukingo wa sufuria unasimama kwenye 93, chini kidogo ya kiwiko cha mama. Fundi alipinga. "Dada, itaonekana kama imekosewa, watu watasema fundi gani huyu." Nikamwambia, "Fundi, nakuelewa, ila mimi ndiye nitakayesonga." Akashusha.

Kabla ya kumwita fundi wa pili nilifanya jambo moja ambalo ningekuomba ulifanye hata kama hutachukua ushauri wangu mwingine wowote. Nilipika wiki nzima kama kawaida huku nimebandika karatasi mlangoni, na kila nilipogusa chombo niliandika. Baada ya siku saba nikaona kwamba sufuria ninazotumia ni nne. Nilikuwa nazo kumi na moja. Mbuzi ya kukunia nazi ilitoka mara tatu, kinu mara mbili, na kile kifaa cha kutengenezea mikate iliyobanwa hakikutoka hata mara moja. Nikaona pia kwamba nilitoka jikoni kwenda kuchota maji kwenye pipa mara nyingi kuliko nilivyofungua koki, kwa sababu maji kwetu hayatoki kila siku. Hakuna kabati hata moja iliyokuwa imetengewa ndoo. Ndoo zilikaa katikati ya njia, tukiziruka.

Kupima hatua za mpishi si jambo jipya. Mwaka 1926 mbunifu wa majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu. Aliangalia jinsi majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni yanavyolisha watu wengi kutoka kwenye kichochoro, akapima kwa saa muda wa kila kazi, kisha akaweka kila kitu pale mkono unapokitafuta: kigoda cha kukatia mboga chini ya dirisha, vyombo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia unga na mchele, sehemu ya kusukumia maganda. Majiko kama 10,000 yalijengwa. Lile linahesabiwa kuwa jiko dogo, na bado ni kubwa kuliko langu kwa zaidi ya mara moja na nusu. Nilipolisoma nilifarijika. Ila yeye aliwachorea watu wa kule, wasiosonga ugali wala kukuna nazi, kwa hiyo chukua njia yake ya kupima, vipimo vyake viache.

Sasa zile kabati za MDF. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na gundi, na nyuzi hizo zikipata maji huyanywa. Chini ya sinki palikuwa na kiungio kinachodondosha tone moja moja, siri kabisa, nyuma ya mlango mzuri wa rangi ya maziwa. Kwa miezi sikujua. Siku niliyofungua, sakafu ya kabati ilikuwa imevimba kama maandazi, bawaba zimeng'oka kwenye skrubu, na mende wamejaa. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi hata bila bomba kuvuja, na jiko dogo mvuke wake hauna pa kwenda.

Kwa hiyo chini sina kabati tena. Nina kaunta ya zege yenye nondo, unene wa inchi tatu, imekaa juu ya vikuta viwili vya matofali, imefunikwa vigae. Chini ya kaunta ni wazi, sakafu yake imeinuliwa kidogo na kuwekewa vigae vile vile, na mbele nimening'iniza pazia la kitenge ninalolifua kila wiki mbili. Bomba likivuja naliona siku hiyo hiyo. Ndoo mbili za maji zenye vifuniko zinakaa humo, na pipa la unga. Mbao nimeziacha kwa rafu za juu peke yake, mkongo, uliopakwa vanishi mara tatu pamoja na zile ncha zilizokatwa, kwa sababu ncha ndizo zinazokunywa maji kwanza.

Mlango nao. Ulikuwa unafungukia ndani na kula karibu robo ya sakafu. Nimeutoa wa bawaba, nikaweka wa kuteleza kwenye reli upande wa ukumbini. Nafasi niliyoipata hapo ni kubwa kuliko yote niliyoipata kwa mbinu nyingine, na iligharimu siku moja ya seremala.

Kuhusu gesi naomba usome polepole. Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami nafurahi sana, maana nimekulia kwenye moshi wa kuni na namjua mama anavyokohoa hadi leo. Lakini mitungi mingi inaingia kwenye majiko ambayo hayakujengwa yakiufikiria mtungi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inashuka, inatandaa sakafuni kama maji na kujikusanya kwenye kona au kwenye tundu la maji machafu. Dirisha la juu peke yake halikusaidii. Kabati la chini lililofungwa, ambamo watu hupenda kuuficha mtungi ili jiko lionekane nadhifu, ndilo pahali pabaya kuliko pote.

Mtungi wangu uko nje, umesimama wima nyuma ya ukuta kwenye kizimba cha nondo chenye tundu chini, na mpira wa gesi unapita ukutani ndani ya kipande cha bomba ili usisuguliwe na tofali. Kama huna ukuta wa nje, uweke mtungi wazi, mbali na moto, na toboa tundu la hewa karibu na sakafu, liwekee wavu. Kila nikibadili mtungi napaka povu la sabuni kwenye kiungio cha regyuleta na ncha mbili za mpira. Mapovu yakikua, nafunga. Kiberiti hakitumiki kutafutia gesi, kamwe. Ukisikia harufu, usiwashe wala usizime taa, funga mtungi, fungua milango, toka.

Na kama umeme umekatika na gesi imeisha, ukataka kuwasha mkaa, tafadhali pikia nje. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na chumba kidogo kinajaa haraka.

Sinki nimechagua la shimo moja lenye kina, lisilo na ubao wa kukaushia pembeni. Lile la mashimo mawili halikuwa linaingiza sufuria ya pilau hata upande. Juu ya sinki kuna chanja ya vyuma inayodondoshea maji humo humo. Bomba la kutolea maji lipewe mteremko: kwa kila sentimita 40 lishuke sentimita 1, yaani mita mbili hadi kwenye chemba ni sentimita 5. Fundi wa kwanza alililaza karibu sawasawa, mafuta yakaganda ndani, na kila mwezi tulikuwa tunazibua kwa waya. Hakikisha pia chini ya sinki kuna ile kona iliyopinda inayobaki na maji, ndiyo inayozuia harufu ya shimo isirudi ndani. Kabla vigae havijawekwa, jaza sinki pomoni, lifungulie kwa mkupuo, na upapase kila kiungio kwa karatasi kavu ya chooni. Karatasi inaonyesha tone ambalo jicho halilioni.

Umeme kwa ufupi. Birika la wati 2000 na jiko la presha la wati 1000 vikiwaka pamoja vinavuta kama ampia 13, na hapo ekstensheni ya kawaida imefika mwisho wake. Weka soketi mbili za ukutani zenye waya wa milimita za mraba 2.5, mbali na sinki, na umwachie kazi hiyo fundi mwenye leseni. Taa moja iwe chini ya rafu, mbele yako, maana taa ya katikati ya dari inakuwekea kivuli chako mwenyewe juu ya ubao wa kukatia.

Friji tumelihamishia sebuleni. Wifi yangu aliona aibu kwa niaba yangu, lakini nyumba inapumua, na nalo linapoa vizuri zaidi likiwa mbali na moto.

Vigae nunua vyote siku moja, zidisha kama sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kukatwa na kuvunjika, na soma namba ya toleo kwenye maboksi zifanane. Nilirudi dukani kuongeza boksi moja, nikapewa jina lile lile na rangi iliyopishana kidogo, na kila asubuhi jua likiingia nauona mstari ule nyuma ya jiko. Vya sakafu viwe vya kukwaruza, si vya kung'aa.

Mafundi wapange hivi: wa bomba na wa umeme watindue ukuta kwanza, plasta ifuate, kisha kaunta, vigae, na seremala awe wa mwisho. Sisi zilikuwa siku 16, tukipikia barazani kwenye jiko la mkaa. Kaunta ya zege iachwe wiki nzima ikimwagiwa maji kabla ya kuibebesha mzigo. Fundi wako atakuwa na haraka ya kwenda kwenye kazi nyingine, na hapo ndipo inabidi uwe imara, na malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako hadi maji yapite.

Siku ukuta ukiwa bado wazi, bandika futikamba juu ya mabomba na waya, piga picha. Mimi nilipiga ishirini na mbili. Mwezi uliopita mama alipokuja tena, alitaka ndoano ya kutundikia mwiko karibu na mkono wake wa kulia. Kijana aliyekuja kutoboa alishaweka drili ukutani. Nikamwonyesha picha, akaangalia, akasogea sentimita nane kushoto.