Ameandika riwaya ya muuaji: je, ana dhambi ya kuua?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mwandishi wa riwaya. Nimemaliza mswada unaosimuliwa na muuaji mwenyewe, mwandishi anayewaua waandishi wenzake mmoja baada ya mwingine. Kila kitu ni "mimi": mimi nilimvizia, mimi nilimfungia mlango. Mume wangu alisoma sura mbili, akampelekea imamu wetu. Imamu akasema mwenye kuandika mauaji kwa nafsi yake ni sawa na aliyeua, nichome mswada na nitubie toba ya muuaji. Waandishi wenzangu wanasema fasihi haina halali wala haramu. Kinachonitisha zaidi ni kwamba mtu wa kwanza kuuawa humo nilimpa sura ya ami yangu, aliyekula mirathi yetu baba alipofariki, na nilipokuwa nikiandika niliona raha. Sasa sauti ya yule muuaji inanijia mpaka ndani ya Sala, na usingizi umenipotea. Je, mimi ni muuaji mbele ya Allah?

JIBU: Wa'alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hapana binti yangu, wewe si muuaji, na mswada usiuchome. Nimelitanguliza swali lako mbele ya yaliyokuja kabla yake kwa sababu mtu aliyepotelewa na usingizi hasubirishwi.

Ukubwa wa dhambi ya kuua hatuna mjadala nao. Kinachonishughulisha ni hukumu uliyopewa, kwani imeenea na inaumiza watu: kwamba kuwaza uovu au kuusimulia ni sawa na kuutenda. Wenye kauli hii hushika Hadithi ya Abu Bakra (Allah amridhie) waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Waislamu wawili wakikutana kwa panga zao, muuaji na muuawa wote ni wa motoni. Masahaba wakauliza: huyu ni muuaji, aliyeuawa ana kosa gani? Mtume (SAW) akajibu kwamba naye alikuwa na pupa ya kumuua mwenzake. Basi wao huishia hapo, wakasema: unaona, ameadhibiwa kwa nia. Subhanallah! Mtu huyo alichomoa upanga, akamwendea mwenzake, akapigana mpaka akazidiwa nguvu. Hiyo ni nia tupu? Kilichomzuia kuua ni kuwahiwa tu. Vipi afananishwe na mwanamke aliyekaa mezani na kalamu, ambaye hajamnyanyulia mtu hata kofi?

Na wanaipita Hadithi iliyo wazi zaidi, ya Abu Hurayra (Allah amridhie), nayo imo humo humo katika Bukhari na Muslim: Allah ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zao zinayazungumza, madamu hawajayatenda au kuyasema. Hapo atainuka mtu aseme: si ameyasema, si ameyaandika? Hoja hii ni dhaifu kuliko ile ya kwanza. Kauli anayoandikiwa mtu ni ile aliyoitoa ikiwa yake: amesengenya, amesingizia, ametoa talaka, amemwamuru mtu aue. Anayesimulia kauli ya mwingine habebeshwi kauli hiyo, na kanuni ya wanazuoni ni mashuhuri, kwamba mwenye kunukuu ukafiri si kafiri. Imamu wako anaposimama mihrabuni akasoma Suratun Naziat, hutamka kwa sauti: "Mimi ndiye mola wenu mkuu." Hayo ni maneno ya Firauni, na yanasomwa ndani ya Sala. Akifika Suratul Maida aya ya 27 hutamka "La-aqtulannak", hakika nitakuua, na safu nzima iko nyuma yake inasikiliza. Ametishia kuua? Awajibu hilo kwanza wale anaowaamuru watubu, kisha ndipo azungumzie mswada wako.

Tena hiyo Maida itazame vizuri, maana itakufaa katika kazi yako. Kisa cha wana wawili wa Adam kimechukua aya tano, 27 hadi 31. Mmoja hakukubaliwa sadaka yake, akatamka azma yake, nduguye akamsihi, kisha nafsi yake ikamrahisishia kumuua. Ikamrahisishia! Hajageuka mnyama kwa ghafla. Amejilainishia jambo mpaka likawezekana. Halafu amebaki na maiti asijue aifanye nini, hadi kunguru akafukua ardhi mbele yake, naye akajuta. Alimuua kwa kitu gani? Aya hazikusema. Wanaotaja jiwe ni baadhi ya wafasiri. Umeelezwa moyo kabla ya tendo na majuto baada yake, na damu haikuelezwa hata kidogo.

Wasikilize pia ndugu zake Yusuf (Alayhis salaam) katika aya ya 9 ya sura yake: muueni Yusuf au mtupeni nchi ya mbali, na baada ya hapo mtakuwa watu wema. Toba imeshapangwa ndani ya njama yenyewe, kabla kosa halijatendwa. Ni nani aliyekaa na watu asiyeitambua hila hiyo ya nafsi? Basi kuingia katika moyo wa mkosaji ili watu waone jinsi unavyojidanganya si jambo geni kwetu, na wala si jambo la aibu.

Wapo wasemao kisa cha kubuni ni uongo, na uongo ni haramu. Uongo ni kumfanya msikilizaji aamini lisilokuwa, na msomaji wa riwaya anajua tangu jalada kwamba anasomewa jambo la kutungwa. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi tunamtegemea, ameruhusu katika kitabu chake cha fiqhi, Tuhfatul Muhtaj, kusikiliza visa vinavyojulikana kuwa si kweli, vikikusudiwa kupiga mifano na mawaidha, viwe vimewekwa katika ndimi za watu au za wanyama. Na Maqamat, visa vya kubuni vya al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 Hijria, shujaa wake ni laghai anayewala watu fedha zao kwa ufasaha. Wanazuoni wamezisoma, wamezisomesha na kuziandikia vitabu vya ufafanuzi. Ama aya ya 6 ya Suratu Luqman wanayoitoa dhidi ya visa, lawama yake imefungamana na anayenunua maneno ya upuuzi ili awapoteze watu njia ya Allah. Wewe hukukusudia hilo.

Huenda ukaletewa na habari za waandishi waliokuwa wauaji kweli, maana zipo na hupenda kusimuliwa. Krystian Bala wa Poland alihukumiwa mwaka 2007 kifungo cha miaka 25 kwa mauaji ya mwaka 2000, na riwaya yake iliyowatia shaka wapelelezi ilitoka 2003. Liu Yongbiao wa China alikamatwa 2017 kwa kuua watu 4 mwaka 1995, kabla hajapata jina katika uandishi. Zitazame tarehe. Katika visa vyote viwili damu ilimwagika kwanza, kitabu kikaja baadaye. Hawa hawakufanywa wauaji na kalamu zao, na anayewatumia kukutisha wewe ameipindua habari.

Ama wenzako wasemao fasihi haina halali wala haramu, nao wameteleza. Jack Unterweger wa Austria alifungwa maisha mwaka 1976 kwa kumuua mwanamke. Akaandika gerezani, waandishi na wasomi wakampigania, wakaona mtu mwenye kalamu ile ameshatakasika. Akatolewa 1990, na mwaka 1994 mahakama ikamtia hatiani kwa mauaji mengine 9. Uandishi mzuri uligeuzwa ushahidi wa toba, na wanawake wakafa. Mwandishi ni mja mwenye taklifu, yaani anayebeba wajibu wa sheria, kama mja mwingine, na ataulizwa alichokiandika.

Kwa hiyo nakuuliza juu ya mswada wako. Je, msomaji anaweza kujifunza humo namna ya kuua, kama aina ya sumu na kiasi chake, au jinsi ya kuficha alama? Hayo yaondoe, kwani Allah ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na kisa chako hakiyahitaji. Je, kuna kifo kilichopambwa hadi kikawa kitamu, hasa mwili wa mwanamke unapotazamwa kwa matamanio na kisu kwa pamoja? Hicho nakichukia vikali, nami naona ni haramu. Je, damu inatoka bure, hakuna mzazi aliyelia, hakuna mtoto aliyebaki? Muuaji kutoroka polisi mwishoni si kitu kwangu. Ninalolikataa ni msomaji kufunga kitabu akiamini kwamba waliokufa hawakuwa watu.

Sasa ami yako. Hapa ndipo penye jeraha, na riwaya ilikuwa mlango tu. Raha uliyoiona nadhani ni raha ya mtoto yatima aliyepata mahali ambapo mkubwa wake hawezi kumdhulumu. Wanazuoni wamepambanua mawazo yanayopita na azma iliyokata shauri, na mwenye kubeba hesabu ni mwenye azma. Jiulize: ukimkuta ameanguka barabarani, utaita watu wamsaidie au utampita? Najua utaita. Basi huna azma, una uchungu, na uchungu wako una haki. Allah amesema katika Suratun Nisaa aya ya 148 kwamba hapendi maneno maovu kutangazwa, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Mali ya yatima ni moto tumboni mwa mwenye kuila. Nenda kwa kadhi au mahakamani na nyaraka za baba yako, wewe na nduguzo, mdai chenu. Miaka kupita haigeuzi dhuluma kuwa halali. Na omba dua, kwa kuwa dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia baina yake na Allah.

Katika kitabu mbadilishe yule mtu kabisa: umri, kazi, nyumba, namna ya kuongea. Jamaa wakimtambua utakuwa umeingia katika kusengenya, na pengine kumzulia, nawe utakuwa umempa hoja mtu ambaye leo hana hata moja.

Sauti inayokujia katika Sala isikutie hofu juu ya imani yako. Masahaba walimwendea Mtume (SAW) wakilalamika kwamba wanakuta nafsini mwao mambo mazito wasiyoweza hata kuyatamka, akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Uthman bin Abil-As (Allah amridhie) alipolalamika kuwa shetani anamvurugia Sala yake, alifundishwa ajikinge kwa Allah na ateme kushoto kwake mara 3; fanya hivyo kisha uendelee, usirudie Sala. Usiku acha kuandika, soma Ayatul Kursiy ulale. Na ikiwa usingizi haurudi, muone daktari wa afya ya akili bila kuona haya; kutafuta dawa ni Sunna, na kukosa usingizi kunamlisha wasiwasi kuliko kitu kingine chochote.

Imamu wako usimkate, amesema kwa kuihofia dini yako. Sali nyuma yake, na mumeo mpe mswada mzima asome, sura mbili hazimtoshi mtu kutoa hukumu.

Wallahu a'lam.