Maswali ya Wasomaji: Safari ya Kikundi Kwenda Kilwa Kisiwani

Swali: Ndugu Mhariri, sisi ni akina mama 22 wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Lindi mjini. Tungependa kutembelea Kilwa Kisiwani kwa pamoja, tuanzie wapi? (Msomaji, Lindi)

Jibu: Dada yetu, anzeni kwa kukubaliana tarehe na kuchangishana nauli mapema, kwa sababu anayeahidi kwa mdomo bila kulipa ndiye anayewaachia wenzake gharama ya kiti kitupu ndani ya gari. Barabara itawafikisha Nangurukuru, mahali pa kuchepukia kwenda Kilwa Masoko, na hapo Masoko mtachukua kibali na kumpata mwongozaji kabla ya kuvuka kwa mashua. Msikubali kupanda chombo kisicho na jaketi okozi za kuwatosha wote.

Kisiwani msiende mbio. Magofu ya mji wa kale yaliyoko hapo, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981, na Msikiti Mkuu, wenye kuba na nguzo za mawe ya matumbawe, unastahili saa nzima peke yake. Husuni Kubwa, jumba la kisultani la karne ya 14, liko mbali kidogo, hivyo wazee wapangiwe mapumziko njiani. Kwa kuwa kisiwa kina wenyeji wanaoishi humo, vaeni kwa stara, na chakula cha mchana kiagizeni kwao siku moja kabla.