Nyama ya mimea na wafugaji wa Marekani

Ndugu, umeuliza kama nyama ya mimea itawaondoa wafugaji wa ng'ombe nchini Marekani. Kwa maoni yangu, hatari hiyo bado iko mbali. Hisa za Beyond Meat, kampuni inayotengeneza nyama hiyo kwa protini ya njegere, zilianza kuuzwa kwa dola 25 Mei 2019 na kupita dola 200 Julai mwaka huo, lakini mwishoni mwa 2023 zilikuwa chini ya dola 10, kwa kuwa wateja wengi waliionja bila kuirudia, na bei yake ilizidi ile ya nyama ya kusaga. Kinachowaumiza wafugaji zaidi, na inasikitisha kwamba hakizungumzwi vya kutosha, ni ukame pamoja na nguvu ya kampuni 4 zinazochinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa.